Menyu ya tovuti izungumze na wakaaji wa Kasongo na Kabambare

Redio, shule, parokia au shirika la kusini mwa Maniema likifungua tovuti, mara nyingi pesa na wakati vinaenda kwenye rangi, picha na nembo. Menyu, yaani ile safu ya maneno inayomwonyesha msomaji pa kupita, inaachwa jinsi ilivyokuja. Ni kosa, maana menyu ndiyo mlango wa nyumba.

Tumfikirie mzazi wa Kabambare anayetafuta tangazo la chanjo ya watoto. Ana telefone ndogo, mega chache, na mtandao unaokuja na kwenda. Akikuta "Actualités", kisha "Provinces", kisha "Maniema", atafungua kurasa tatu kabla ya kuona jina la kwao. Kila ukurasa unakula mega. Zikiisha njiani, tangazo limeandikwa bure.

Kurekebisha hilo hakuhitaji fundi kutoka Kinshasa. Tangu toleo la 3.0 la WordPress, lililotoka Juni 2010, mwenye tovuti anaweza kujipangia menyu bila kuandika kodi. Kwenye programu iliyo kwa Kifaransa, anaingia "Apparence", kisha "Menus". Anachagua kurasa anazotaka, anabadili maneno yake, anazivuta juu au chini, halafu anahifadhi. Neno likisogezwa kidogo kuelekea kulia, linakuwa chini ya lile lililotangulia. Mitindo mipya ya tovuti imehamishia kazi hiyo ndani ya "Éditeur", lakini mpango ni uleule.

Joomla nayo ina sehemu yake ya menyu. Jina la programu hiyo, iliyoanza mwaka wa 2005, limetoka kwenye neno la Kiswahili "jumla". Ikiwa watengenezaji wa programu walikuja kuomba jina kwenye Kiswahili, kwa nini tovuti inayowahudumia Waswahili wa Kasongo ione haya kuandika "Habari", "Afya", "Masomo", "Barabara" na "Matangazo"?

Wengine watajibu kwamba Kifaransa ndiyo lugha ya serkali. Ni kweli. Lakini kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2006 kinataja pia Kiswahili, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, kuwa lugha za taifa. Na Kiswahili si mgeni Kasongo: kilikuwa kinasikika huko tangu siku za Tippu Tip, karne ya 19. Hakuna anayeomba Kifaransa kifukuzwe. Wafadhili na wakubwa wa ofisi wanaweza kuwekewa menyu yao ya Kifaransa chini ya ukurasa. Ile ya juu iwe ya mkaaji.

Lugha peke yake haitoshi. Mpangilio pia una neno lake. Mara nyingi "Sisi ni nani" na "Neno la mkurugenzi" vinakaa mbele, na matangazo yanafichwa nyuma. Msomaji hakuja kumsalimia mkurugenzi. Maneno matano au sita yanatosha, na yale yanayotafutwa sana yatangulie. Kasongo na Kabambare ziwe na nafasi zake, kila moja kwa jina lake, maana mtu wa Kabambare hapaswi kupekua habari zote za Kasongo ili apate za kwake.

Mwenye kubadili asiogope kuharibu. Kuondoa neno kwenye menyu hakufuti ukurasa wenyewe, na kubadili neno hakubadili anwani yake. Ila anwani zenyewe asiziguse ovyo: zile ambazo watu wamekwisha kutumiana kwa WhatsApp zinaweza kufungua ukurasa mtupu.

Akishamaliza, asijipongeze mbele ya kompyuta ya ofisi. Kwenye telefone menyu nyingi zinajificha ndani ya vistari vitatu, na si kila mtu anajua kwamba vinabonyezwa. Ni heri kuandika neno "Menyu" kando yake, kisha kumpa telefone mama muuzaji wa sokoni na kumwomba atafute tangazo la chanjo. Akishindwa, anayepaswa kurudi kazini ni mwenye tovuti, si yule mama.