Mtu wa Kumi na Moja

Kila Jumapili, kabla ya matangazo, mzee wa kanisa huuliza kama yuko mwenye ushuhuda. Husimama aliyepata kazi, aliyepona homa, au ambaye ng'ombe wake amezaa salama. Tunapiga makofi, tunaimba ubeti mmoja, kisha ibada inaendelea. Nimesali miaka mingi katika kanisa hilo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na sijawahi kumwona mtu akisimama na kusema: "Niliomba, sikupona, na bado namshukuru Mungu." Nadhani hata angesimama, tusingejua tupige makofi au tunyamaze.

Juu ya jambo hili nina ugomvi na ndugu zangu katika imani. Naomba nisikilizwe kwa uvumilivu, maana ugomvi huu ninao kwanza na nafsi yangu.

Ninaugua baridi yabisi ya viungo tangu mwaka 2003. Wasioijua hudhani ni uchovu wa uzee. La hasha. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu vya maradhi, hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Viungo huvimba na kupata moto, na miaka ikipita mifupa hulika, vidole vikapinda. Huwapata zaidi wanawake. Asubuhi ndiyo saa yake mbaya. Mimi huamka saa kumi na moja, lakini ni hadi saa moja ndipo mikono yangu inapokubali kushika kikombe. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Chaki ikawa nzito. Nilikuwa mpiga kinanda wa kanisa kwa miaka 17; siku moja vidole vilikataa, nikafunga kifuniko, na sikukifungua tena.

Mwaka 2009 alikuja kwetu mhubiri mgeni. Akaniwekea mikono, akaniamuru nitupe mkongojo. Nikautupa. Nikatembea mpaka madhabahuni, watu wakapiga vigelegele, nami nikashika kipaza sauti nikasema nimepona. Kusema kweli, kila hatua ilikuwa kama kukanyaga misumari. Lakini ningewezaje kuwavunja moyo watu wote wale? Kesho yake binti yangu alinivalisha nguo nikiwa kitandani.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niandike. Mama mmoja jirani, mwenye kifafa, alikuwapo siku ile. Alisikia ushuhuda wa Mwalimu, na Mwalimu hasemi uongo. Akaacha vidonge vyake. Baada ya majuma machache alianguka jikoni, mkono wake wa kushoto ukaingia motoni penye mafiga. Kovu lile naliona kila tunaposalimiana kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada. Hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mafundisho ya kudai uponyaji hayamdhuru mtu, nakataa. Tarehe 1 Februari 2020, hapa kwetu Moshi, watu 20 walikufa katika uwanja wa michezo wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Sisemi walikuwa wajinga. Walikuwa watu wenye haja zao, kama mimi nilivyokuwa na yangu. Mwenye maumivu hukimbilia kokote anakoelekezwa. Ndiyo maana sisi tunaomwelekeza, hata kwa ushuhuda mmoja tu, tuna hesabu ya kutoa.

"Mwalimu, ungekuwa na imani ungepona." Maneno haya nimeambiwa na watu wanaonipenda, baada ya kuniamkia shikamoo kwa heshima zote. Nawajibu kwa Biblia hiyo hiyo waliyoishika mkononi. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini mwake, na haukuondolewa. Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo, aliyesumbuliwa na tumbo na maradhi ya mara kwa mara, hakuambiwa aongeze imani. Alishauriwa atumie mvinyo kidogo. Je, hao nao walipungukiwa na imani? Na marafiki wa Ayubu walifanya vema zile siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Walipofungua vinywa kumtafutia kosa ndipo walipoharibu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, na kusema kwamba Ayubu, yule mlalamikaji, ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Wapo pia wa upande wa pili. Hao hunitaka nishukuru kwa ajili ya ugonjwa wenyewe, eti ni zawadi ya kunifundisha unyenyekevu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yesu alikutana na wagonjwa wengi, wala hatusomi popote kwamba alimwambia mmoja wao abaki na ugonjwa wake kwa kuwa unamfaa. Yeye mwenyewe, kule Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee. Maumivu ni maumivu, na mgonjwa asilazimishwe kuyasifu.

Basi shukrani ni nini? Wahubiri hupenda habari ya wale watu kumi wenye ukoma katika Injili ya Luka: wote walitakaswa, akarudi mmoja tu kushukuru. Mimi humfikiria mtu wa kumi na moja, ambaye hakuandikwa. Pengine siku ile alikuwa kijiji cha pili, hakusikia wenzake wakipaza sauti, akabaki na vidonda vyake. Je, huyo hana la kumshukuru Mungu? Kama hana, basi shukrani yetu sote ni malipo ya dukani: umepokea mzigo wako, umelipa, mmeachana.

Msinielewe vibaya. Naamini Mungu huponya, na bado namwomba aniponye. Lakini mimi ndimi mtu wa kumi na moja, na shukrani zangu sizicheleweshi hadi nipone. Namshukuru alfajiri, vidole vikiwa bado havijafunguka, wala simfichi kwamba vinauma. Namshukuru kwa vidonge ninavyomeza mara moja kwa juma, na kwa akili alizowapa waliovigundua. Kwa mwanafunzi wa darasa la sita aliyeniandikia ubaoni muhula mzima bila kuombwa, na hati yake ikawa nzuri kuliko yangu. Kwa mjukuu anayenifungulia chupa ya chai. Kwa mama yule mwenye kovu, aliyerudia dawa zake, na ambaye nilipomwendea kuungama uongo wangu alinipikia mtori kabla sijamaliza kusema. Kinanda bado nakililia. Hilo nalo namwambia Mungu, katika sala hiyo hiyo.

Nawaomba wachungaji na wazee wetu: msimpe kipaza sauti aliyepona peke yake. Mkimsikiliza aliyepona tu, mtatufundisha sisi wengine kudanganya, kama nilivyodanganya mimi. Ninyi mnaokuja kututazama, wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wala hawakusema aulizwe imani. Leteni uji, kaeni kidogo, ombeni pamoja nasi, na mkikosa la kusema, nyamazeni kama wale marafiki watatu walivyonyamaza siku saba. Na wewe ndugu unayeumwa, omba bila kuchoka, meza dawa zako, na usiseme umepona kabla hujapona. Mungu hahitaji uongo wako ili apate utukufu.

Jumapili ijayo mzee wa kanisa atauliza tena kama yuko mwenye ushuhuda. Nitasimama, na mkongojo wangu mkononi.