Kioo kibovu si kompyuta iliyokufa

Wiki iliyopita kompyuta ya mama ilianza kuchezacheza. Mistari ya kijani juu mpaka chini, maandishi yanatetemeka, halafu kioo giza. Mdogo wangu akaamua papo hapo: "Itupwe, ina miaka 11 hiyo." Fundi mmoja hapa Maskat, bila hata ya kuifungua, akasema imekufa, ati tumwachie na atatupunguzia riyali 10 tukinunua nyengine kwake.

Mama akaniuliza taratibu: "Na picha za Unguja je, mwanangu?"

Mle mna picha za marehemu baba na harusi za wadogo zake. Kwengine hazipo.

Mie si fundi, lakini naona tuna haraka mno ya kutupa. Picha hazikai kwenye kioo, zinakaa kwenye diski. Nikaiunga kompyuta na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI. Kule ikaja safi, hata mstari mmoja hakuna. Nikakichezesha kifuniko polepole, mistari ikawa inakuja na kupotea. Basi ubovu ulikuwa kwenye ule waya mwembamba unaopita kwenye bawaba. Fundi mwengine kaubadilisha kwa riyali 8.

Ingekuwa mistari inatoka na kwenye televisheni, ningeshuku sehemu ya ndani inayotengeneza picha. Ikionekana tangu nembo ya mwanzo, kabla Windows haijafunguka, usihangaike na programu. Ikianza baadaye, bonyeza pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, programu ya picha ijiwashe upya. Na ikija kila kompyuta ikipata moto, tazama feni. Vumbi la huku mnalijua wenyewe.

Sisemi kompyuta kongwe tuishi nazo milele. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo mambo ya benki mama hafanyi tena humo. Lakini kabla ya kuitupa au kuiuza, hamisha picha, kisha itoe diski. Ukimwachia mtu kompyuta na diski yake, umemwachia picha za mama yako na binti zako bila ya stara.

Za mama nimeshazinakili mara mbili, moja kwangu na moja kwa dada. Na wewe, za kwenu zipo wapi?