Mlinzi wa kompyuta yako anamfanyia nani kazi?

Kuna ubishi mmoja umenichosha. Kila ukizuka mjadala wa usalama wa kompyuta, watu wanagawanyika kama Simba na Yanga. Kundi la kwanza linasema: ogopa Kaspersky, ni ya Warusi. La pili linajibu: acheni kasumba, wapelelezi wakubwa ni Wamarekani, heri Mrusi. Halafu lipo kundi la tatu, ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote: mimi sina cha kuficha bwana, niwekee yoyote ya bure, mradi virusi vya flashi visinisumbue.

Leo nagombana na makundi yote matatu.

Tuanze na swali la msingi. Antivairasi inafanya nini hasa? Ili ikulinde, lazima iingie ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, mahali ambapo programu za kawaida haziruhusiwi kukanyaga. Inalipekua kila faili kabla wewe hujalisoma. Inaangalia tovuti unazotembelea. Nyingine hujiweka katikati yako na benki yako: zinafungua mawasiliano yaliyofumbwa, zinayakagua, kisha zinayafumba upya. Ikikuta faili inalolitilia shaka, inaweza kulituma kwa kampuni iliyoitengeneza likachunguzwe huko. Na kila siku inapokea maagizo mapya kutoka makao makuu, wala hakuna anayekugongea mlango kukuuliza.

Soma tena orodha hiyo polepole. Ukiondoa nia, kuna tofauti gani kati ya kazi hiyo na kazi ya programu ya kijasusi? Hakuna. Nia ndiyo kila kitu, na nia ya mtu aliye mbali utaijuaje?

Hatuhitaji kubahatisha. Yapo mambo yaliyokwisha kutokea.

Chukua Avast. Imezaliwa Prague, Jamhuri ya Czech. Si Urusi, si Marekani, si China. Watu waliipenda kwa sababu ilikuwa na toleo la bure, na ilijinadi kwamba itawazuia wanaokufuatilia mtandaoni. Kumbe mfuatiliaji alikuwa yeye! Kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot, iliuza kumbukumbu za tovuti ambazo wateja wake walitembelea, na wanunuzi walikuwa zaidi ya 100. Jumpshot ilikuwa imerundika zaidi ya petabaiti 8 za kumbukumbu hizo, kuanzia mwaka 2014. Waliofichua uozo huo Januari 2020 walikuwa waandishi wa habari wa Motherboard na PCMag. Siku chache baadaye Jumpshot ikafungwa.

Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza kuibana Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza data za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Tume ilieleza kwamba data zile zingeweza kuonyesha imani ya mtu ya dini, hofu zake za kiafya, msimamo wake wa siasa, mahali alipo na hali yake ya fedha. Mwaka huohuo mamlaka ya ulinzi wa data ya Czech nayo ikaitoza koruna milioni 351.

Sasa njoo kwenye sehemu inayoniuma mimi. Mwaka 2025 FTC ilifungua mlango wa fidia. Nani aliruhusiwa kudai? Aliyenunua programu ya Avast kati ya Agosti 2014 na Januari 2020. Aliyenunua! Yule aliyetumia ya bure, ambaye naye maisha yake yalipimwa kwa kilo na kuuzwa, hakuhesabiwa. Niambie wewe unayesoma hapa, wangapi kati yetu tumewahi kutoa hela mfukoni kununua antivairasi?

Prague imeuliza. Washington imeuliza. Lini umesikia Dodoma au Nairobi ikiuliza?

Twende kwa Mrusi. Mwaka 2014, kwenye kompyuta ya nyumbani ya mfanyakazi wa shirika la ujasusi la Marekani, NSA, programu ya Kaspersky ilikutana na zana za udukuzi za shirika hilo. Ikafanya ilichofundishwa kufanya: ikazichukua na kuzituma kwa kampuni yake. Habari hiyo ilipolipuka mwaka 2017, magazeti ya Marekani yaliandika kwamba majasusi wa Urusi walinufaika. Kaspersky ikakana. Ikakiri kwamba mafaili yalifika, lakini ikasema bosi wake aliamuru yafutwe na kwamba hakupewa mtu mwingine.

Amini upande unaoupenda. Mimi kinachonitisha ni kile ambacho pande zote mbili zinakubaliana: faili lilitoka nyumbani kwa mtu likaishia mikononi mwa kampuni ya Moscow, bila mwizi, bila kuvunja mlango. Programu ilikuwa kazini tu. Kama yalimkuta mtu wa NSA, wewe mwenye tasnifu yako na vyeti vyako vya hospitali ni nani?

Juni 2024 serikali ya Marekani ikapiga marufuku uuzaji wa Kaspersky nchini humo. Septemba ya mwaka huo baadhi ya wateja waliamka wakakuta Kaspersky imetoweka kwenye kompyuta zao na mahali pake imekaa programu nyingine, UltraAV, ambayo hawakuiomba wala hawakubofya kuikubali. Yaani umeajiri mlinzi, akaondoka usiku, akamwachia funguo za nyumba yako rafiki yake. Asubuhi unamkuta getini anakuamkia.

Kundi la pili msishangilie. Juni 2015 tovuti ya The Intercept ilichapisha nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden. Zilionyesha kwamba NSA na wenzao wa Uingereza, GCHQ, walikuwa wakiwinda makampuni ya antivairasi yenyewe. Kaspersky ililengwa, na kulikuwa na orodha ya makampuni mengine zaidi ya 20 ya kulengwa, Avast ikiwamo. Symantec na McAfee za Marekani, na Sophos ya Uingereza, hazikuwamo. Mkubwa hulinda vyake. Sisi tusio na kampuni kwenye orodha yoyote, tumekaa katikati tunabishana mkubwa yupi ni mpole.

Na hata asipokuwapo jasusi wala mfanyabiashara mwenye tamaa, bado funguo ni funguo. Tarehe 19 Julai 2024, maagizo mabovu kutoka kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike yaliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft. Ndege hazikuruka, hospitali zilikwama. Hakukuwa na adui. Mlinzi alijikwaa tu, nyumba ikaanguka naye.

Kwa hiyo kundi la kwanza na la pili mnabishania pasipoti ya mlinzi, na pasipoti haisemi kitu. Swali linalostahili ubishi ni hili: siku akikosea, nani anaweza kumwita, akaja, akajibu? Mmarekani anaye. Mcheki anaye. Mimi na wewe tunabofya "Nakubali" chini ya kurasa za kisheria ambazo hatujazisoma, chini ya sheria za nchi ambazo hatutatia mguu. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe hatuna ruhusa ya kulifungua.

Na wewe wa kundi la tatu, usiye na cha kuficha. Mimi ni mwandishi wa habari. Kwenye kompyuta yangu kuna majina ya watu walioniambia mambo ambayo yangewafukuzisha kazi. Wao ndio wenye cha kuficha, na siri yao imelala kwangu. Daktari ana wagonjwa. Wakili ana wateja. Mwalimu ana matokeo ya watoto wa watu. Fundi simu ana picha za harusi na za chumbani za nusu ya mtaa. Unaposema huna cha kuficha unagawa siri ambazo si mali yako.

Najua jibu: sasa tufanyeje, tukae na virusi? Hapana. Virusi ni vya kweli na vinaumiza. Ila punguza idadi ya walinzi. Windows ya siku hizi inakuja na Defender ndani yake. Ndiyo, ni ya Mmarekani, lakini mfumo wenyewe tayari ni wake. Ukimleta mgeni mwingine juu yake unaongeza jicho jingine. Ingia kwenye mipangilio uzime utumaji wa mafaili kwa ajili ya uchunguzi. Usiweke vile vinyongeza vya antivairasi kwenye kivinjari, maana Avast ilichota mengi kwa njia hiyo. Achana na nakala za wizi anazokuwekea fundi kwa elfu tano. Huyo humjui, na aliyezitengeneza humjui zaidi. Anayeweza ahamie Linux, na zipo programu kama ClamAV ambazo msimbo wake uko wazi, mwenye ujuzi anaweza kuusoma. Vijana wetu wa vyuo wangeufanya usomaji huo kuwa mradi wa mwaka wa mwisho, badala ya kutuletea mfumo wa maktaba kila mwaka.

Lakini hayo ni ya mtu mmoja mmoja, na hili si la mtu mmoja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina Tume. Kenya ina sheria yake tangu 2019, na ina Kamishna. Sheria hizo zinagusa pia taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi. Msiniambie kwamba kampuni kubwa za nje haziguswi. Worldcoin walipopanga foleni za Wakenya na kuwapiga picha za mboni, Kenya iliwasimamisha Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Walioguswa walikuwa wageni wenye fedha, tena wenye wanasheria.

Basi waulizwe na hawa. Kila antivairasi inayouzwa au kupakuliwa hapa itaje kwa Kiswahili inachukua nini, inakipeleka nchi gani, inakihifadhi muda gani, na nani hapa nyumbani anapokea malalamiko. Maswali manne tu. Anayeshindwa kuyajibu asiuze ulinzi kwa watu wetu.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwahi kuona kompyuta, lakini walishaijua biashara hii.