Sehemu ya 5: Umejipima usonji kwenye simu. Sasa?

Mama zangu, wiki iliyopita tuliongelea dalili za usonji kwa mtoto. Inbox imejaa, na wengi hamkuuliza kuhusu mtoto. Mliuliza kuhusu nyie wenyewe. "Nesi, mbona hizo dalili ni mimi kabisa?"

Usonji hauanzi ukubwani. Mtu anazaliwa nao, na mara nyingi unatembea kwenye ukoo. Kwa hiyo mama akimpeleka mwanawe kliniki halafu akajiona yeye kwenye yale maswali, hajachanganyikiwa. Wapo wanaosema mnajitafutia magonjwa mitandaoni. Sikubaliani nao. Mwanamke aliyeitwa mwenye maringo tangu shule ya msingi, kisa kelele za harusi zinamchosha mpaka anaumwa, ana haki ya kujua.

Sasa hayo madodoso. Linalojulikana sana ni AQ, lilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 2001. Lina maswali 50, na alama 32 kwenda juu ni ishara kwamba ukaonane na mtaalamu. Lipo fupi la maswali 10, hapo wanaangalia 6 kwenda juu. Siyo kama kipimo cha malaria, mistari miwili basi unao. Mtu mwenye wasiwasi mwingi au sonona naye anaweza kupata alama kubwa.

Na wewe uliyejifungua juzi, hujalala vizuri miezi mitatu, kelele zinakukera, watu hutaki kuwaona: weka simu pembeni. Kwanza tuangalie sonona baada ya kujifungua. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae peke yako, mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali leo hii.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa pili. Alama ndogo haimaanishi huna. Sisi wasichana tunafundishwa mapema: msalimie mgeni, piga goti, tabasamu. Mwenye usonji anakariri yote hayo, anayafanya vizuri, jioni anajifungia chumbani hoi. Halafu AQ inakuuliza kama ungependa kwenda maktaba kuliko kwenye sherehe. Jamani, maktaba ipi? Wengi wetu mtaani kwetu haikuwepo!

Jaza ukitaka, ila usiishie kwenye namba. Kaa na mama yako au shangazi. Ulianza kuongea lini? Ulicheza na wenzio, au ulikuwa unapanga vifuniko vya soda peke yako? Nguo gani ulikataa kuvaa? Chakula gani? Andika kwenye daftari, na mifano. Kama mambo haya yameanza ukiwa na miaka 28, sababu itafutwe kwingine. Kama yapo tangu utotoni, hilo daftari litamsaidia daktari kuliko alama zako.

Lipeleke kitengo cha afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa. Wanaopima watu wazima ni wachache, unaweza kupewa rufaa tena, usikate tamaa njiani. Dawa ya kuondoa usonji hakuna, na anayekuuzia anakuibia. Ila ukijijua, unaweza kumwambia mumeo kwa nini unahitaji nusu saa ya ukimya ukitoka kazini, bila ugomvi.

Mapokezi wakikuuliza unaumwa nini, sema tu unataka kumuona daktari wa afya ya akili. Foleni nzima haihitaji maelezo yako.