Mtoa dawa mmoja hatoshi: tafuta wa akiba kabla hujakwama

Leo naongea na wale wenye maduka ya dawa muhimu, hasa sisi ambao tunauza na vitu vingine mtandaoni huku dukani tumemwacha mtoa dawa mmoja. Ila hata kama unauza viatu na una binti mmoja wa kufunga oda, soma tu, utapata chako.

Ile simu tunaijua wote. Saa kumi na mbili asubuhi: "Bosi, mtoto kaumwa usiku kucha, leo siji." Hapo ndio mtu anaanza kurusha ujumbe kwenye magrupu ya WhatsApp: "Anahitajika mtoa dawa LEO, haraka." Inafika saa nne hajapatikana mtu, na mdogo wake aliyemaliza kidato cha nne ameshakalishwa kaunta.

Mimi nasema wengi wetu tunaita dharura kitu ambacho kinajulikana tangu Januari. Piga hesabu na mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Pia inampa saa 24 za kupumzika kila wiki. Ukitoa wiki 4 za likizo zinabaki wiki 48, yaani siku 48 za mapumziko. Jumlisha: siku 76. Hapo bado hajaumwa, hajafiwa, hajauguliwa. Zaidi ya miezi miwili kwa mwaka mtoa dawa wako hatakiwi kuwepo, na wewe huna mwingine!

Kwa hiyo dawa ya simu ya asubuhi ni kumpa mtu wa pili zile siku za mapumziko. Huyo anayeshika duka kila Jumapili ndiye utakayempigia Jumatano ukikwama. Anajua rafu, anajua bei, anajua rejesta inavyojazwa. Mtu wa kuokota kwenye grupu utamwelekeza mpaka jioni.

Nifanyavyo mimi:

1. Nina majina matatu kwenye simu, sio moja. Wapo watoa dawa wanaofanya zamu ya jioni kwingine, wapo waliokaa nyumbani wanalea. Cheti nakiangalia mapema, sio siku ya shida.

2. Kila mmoja nampa siku moja ya kazi wakati duka limetulia, na namlipa. Hiyo siku ndio utajua kama anafaa.

3. Bei tunakubaliana kabla. Nauli iko pembeni. Hela anapata siku hiyohiyo kabla hajaondoka. Ukimzungusha mara moja, next time hapokei simu.

4. Nimeelewana na jirani mwenye duka kama langu: akikwama, mtu wangu akiwa off anaenda kwake, na mimi vilevile.

5. Ujumbe nauandika kamili: "Habari dada, naomba unishikie duka leo saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Malipo yaleyale tuliyokubaliana, nauli natuma sasa hivi. Nijibu kabla ya saa 1 na nusu nijue." Usiandike "mambo, upo?" halafu ukae unasubiri.

Na asipopatikana hata mmoja? Funga. Najua hapa tutabishana. Kuna watakaosema ukifunga mteja anahamia kwa jirani, na kodi ya fremu haijui kama umefunga. Ni kweli. Lakini dawa sio mtandio, ukikosea saizi mteja anarudisha.

Chukua dawa mseto ya malaria tu, ile ALu ya kawaida. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anameza kidonge 1 kwa mara moja. Wa kilo 35 na kuendelea anameza 4. Asubuhi na jioni, siku 3. Katikati kuna wa 2 na wa 3, kulingana na kilo. Sasa mdogo wako atajua kuuliza kilo? Atajua yule mtoto aliyelegea hatakiwi kuuziwa kidonge, anatakiwa kukimbizwa kituo cha afya? Cheti kilichotundikwa ukutani hakimuulizi mama swali.

Ukifunga, bandika karatasi mlangoni na uweke status: leo huduma ya dawa haipo, tunarudi kesho saa fulani. Elekeza watu zahanati ya karibu. Wewe endelea na oda zako za mtandaoni za vitu visivyo dawa, bodaboda apeleke. Siku haijapotea yote.

La mwisho kwa mabosi. Ukimfokea mtu kwa sababu mtoto wake anaumwa, safari ijayo atakuja kazini na homa yake, au na mawazo, akuhesabie vidonge vya watu. Bora mkubaliane akupigie mapema, hata saa nane usiku, upate muda wa kutafuta mwingine.

Haya, wewe siku ya kukwama unampigia nani? Na unamlipaje? Dondosha kwenye komenti tujifunze, na mtumie mwenzio mwenye duka la dawa.