Saa za kazi kwa ajili ya Meru

Masika yakishika, Arusha hupungukiwa na wageni. Aprili na Mei magari ya safari hulala yadi, kambi kadhaa za porini hufungwa. Miezi hiyohiyo, kwenye miteremko ya Mlima Meru, maji hubomoa kingo za mifongo, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji, na miche husubiri kupandwa. Kwa hiyo swali la lini kampuni iwaruhusu wafanyakazi wake wakajitolee lina jibu hapa. Gumu ni masharti.

Tulichozoea ni shughuli ya siku moja: fulana zenye nembo, miche, picha, chakula, safari ya kurudi mjini. Kiangazi kikiingia, mche uliopandwa na mtu wa Njiro, mjini Arusha, unamtegemea mwanakijiji ambaye hakuulizwa kama anautaka. Kampuni imepata picha, kijiji kimepata kazi ya kumwagilia. Huko si kujitolea.

IBM ilipoanza mwaka 2008 kutuma wafanyakazi wake kujitolea katika nchi nyingine, Arusha ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Walikaa takriban mwezi mmoja, wakiyapa mashirika ya hapa ujuzi wao wa biashara na teknolojia. Kampuni haikuficha faida iliyoitafuta: kukuza viongozi wanaoweza kufanya kazi na watu wasiofanana nao. Mimi naona hilo ni jambo jema, maana anayejua anachopata hachoki mapema.

Ujuzi wa namna hiyo tunao wenyewe, na mahali pa kuutumia papo. Miamba ya volkano imeyatia maji ya maeneo kama Oldonyosambu floraidi nyingi mno, na watoto wanakua na meno ya kahawia, wengine na mifupa iliyopinda. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Pale Tengeru, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la maji lililompatia tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Kiwanda cha vinywaji kikimtoa mkemia wake siku mbili kwa mwezi apime maji ya shule, mwalimu mkuu atajua kile asichoweza kukipima mwenyewe. Mkemia naye atarudi maabara akiwajua wanaoyanywa maji hayo, na sidhani kama kuna semina inayoweza kumfundisha hivyo.

Ila madereva waongozaji wengi hulipwa kwa safari. Aprili hakuna safari, hakuna posho. Kuwaomba nguvu zao bure wakati huo ni kumnyang'anya aliyebakiwa na kidogo. Tayari vijana wenye vyeti vya ualimu wanafundisha bila mshahara wakingoja ajira; tusiongeze kundi jingine la wanaofanya kazi bure. Siku ya kujitolea ilipwe kama siku ya kazi, na asiyekwenda asiwekewe alama mbaya.

Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni akubaliane na halmashauri kuhusu mpango wake wa kuhudumia jamii kila mwaka. Kampuni za utalii zinaweza kuanza na hatua hiyo ya kukubaliana kwanza. Mfongo una wazee wake na siku zake za msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Februari, kabla ya mvua, meneja apande kuwauliza ni kingo zipi zinataka saruji, na kama gari moja la kubebea mawe litatosha.