Umeme wa Suswa Ni Maji ya Nani?



Atokaye Embulbul akaikwea Milima ya Ngong mpaka kileleni huliona Bonde la Ufa limetandazwa chini yake upande wa magharibi, na ng'ambo ya bonde huona Mlima Suswa. Huko Suswa, katika ardhi ya Wamaasai, ndiko zinakokomea nyaya za umeme zenye urefu wa kilomita zipatazo 1,045, zinazoanzia Wolayta Sodo, kusini mwa Ethiopia. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 kupitia nyaya hizo, kwa mkataba wa miaka 25 ulioafiki kwamba kiasi hicho kipande hadi megawati 400 baada ya miaka mitatu. Umeme ukishaingia katika gridi ya taifa hauna jina wala kabila. Hakuna awezaye kutuonyesha kwamba taa hii ya Embulbul inawaka kwa maji ya Mto Omo na ile kwa mvuke wa Olkaria. Na kwa sababu iyo hiyo, hakuna miongoni mwetu awezaye kunawa mikono akasema kwamba habari za Omo hazimhusu.

Mto Omo huliletea Ziwa Turkana takriban asilimia 80 hadi 90 ya maji yake. Juu ya mto huo serikali ya Ethiopia ilianza mwaka 2006 kujenga bwawa la Gibe III, lenye ukuta wa kimo cha mita 243. Kazi ilikabidhiwa kampuni ya Salini ya Italia bila zabuni ya ushindani, na tathmini ya athari kwa mazingira ikaidhinishwa ujenzi ukiwa tayari unaendelea. Hiyo ni sawa na kumwita mganga aje ampime mgonjwa akiwa amekwisha kupasuliwa. Maji yalianza kuzuiliwa mwaka 2015, na bwawa likazinduliwa Desemba 2016.

Je, Wamursi, Wabodi, Wakwegu, Wakara, Wanyangatom na Wadasanachi, wanaoishi kando ya mto ule, waliulizwa? Je, Waturkana na Waelmolo wa upande wetu waliulizwa? La hasha! Hao walikuwa wakiyangoja mafuriko ya kila mwaka kama sisi wa Kajiado tungojavyo mvua za masika. Mto ulifurika, ukalowesha kingo zake, ukajirudia na kuacha tope lenye rutuba. Juu ya tope hilo mtama ulipandwa bila mbolea ya dukani. Maji yalipofika ziwani yalibeba chakula cha samaki, na samaki wakapata majira yao ya kuzaana. Bwawa linapoyashika maji hayo na kuyatoa kwa kipimo cha mitambo, lenye kupotea si maji tu, bali ni kalenda ambayo watu walilima na kuvua kwayo tangu enzi za mababu zao.

Watakuja wajuzi watuambie kwamba ziwa halikukauka. Ni kweli: mvua nyingi za miaka ya karibuni zilipandisha maziwa mengi ya Bonde la Ufa, Turkana likiwamo, na watu wa ufukweni wakahamishwa na maji. Tunawajibu hivi. Mvua ni rehema ya Mungu wala si mpango wa serikali. Tena hoja yetu haikuwa kimo cha maji peke yake, bali ni nani mwenye kushika kitasa cha mlango, na kama yule anayeishi chini ya mlango huo anajulishwa lini utafunguliwa. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka Mbuga za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Haikufanya hivyo kwa kupenda maneno.

Dunia haikunyamaza, na jambo hili lazima tulikiri kwa shukrani. Ikal Angelei, binti wa Turkana, alianzisha Friends of Lake Turkana, na sauti yao ikapokewa na watetezi wa mito wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2010 Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Benki ya Maendeleo ya Afrika ziliacha kulifikiria bwawa hilo. Lakini benki ya China ikatoa mkopo wa mitambo, na Benki ya Dunia, ambayo haikutaka kuonekana ikilijenga bwawa, mwaka 2012 ikakubali kugharimia nyaya za kulitoa umeme. Mlango wa mbele ulifungwa, wa uani ukaachwa wazi!

Nao watetezi wakaitwa nini? Wakaitwa vibaraka wa wageni wasioitakia Afrika maendeleo. Sisi wimbo huo tunaujua. Tuliimbiwa mwaka 1990, walipopigwa watu wa Saba Saba kwa kuomba vyama vingi. Wafadhili walipozuia misaada yao huko Paris Novemba 1991, tukaambiwa kwamba mabeberu wamerudi. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A kikafutwa, na wale wale waliolia kuhusu mabeberu wakasajili vyama vyao. Mgeni anayesimama na mnyonge huitwa mvamizi; mgeni anayekuja na mkopo huandaliwa karamu Ikulu.

Wala tusijidanganye kwamba mkosaji yuko Addis Ababa peke yake. Hatuna ugomvi na mama wa Ethiopia anayetaka taa nyumbani kwake. Serikali yetu wenyewe iliafikiana na Ethiopia mwaka 2006 kuhusu kununua umeme, kabla wavuvi wa Loiyangalani hawajasikia jina la Gibe. Bunge lilizinduka Agosti 2011 likadai tathmini huru. Azimio likabaki karatasi. Ilibidi Friends of Lake Turkana waende mahakamani Nairobi, nayo Mei 2014 ikaiamuru serikali iweke wazi mapatano yake ya umeme na Ethiopia. Raia kuishtaki serikali yake ili ajue inanunua nini kwa jina lake! Na kabla ya hapo tulikuwa na bwawa letu la Turkwel, lililojengwa baina ya 1986 na 1991 katika nchi ya Wapokot, bila zabuni ya ushindani, wakati chama kilikuwa kimoja na aliyeuliza bei alihesabiwa kuwa adui.

Basi umoja huu wa mataifa una faida gani? Wanakijiji wa bonde la Narmada huko India walipopambana na bwawa la Sardar Sarovar, Benki ya Dunia ililazimika kuunda tume huru ya uchunguzi, na mwaka 1993 fedha zake zikakoma. Bwawa lilijengwa vivyo hivyo. Lakini kutokana na vita vile, mwaka uo huo benki iliunda Jopo la Ukaguzi la kupokea malalamiko ya wananchi. Miaka ishirini na mmoja baadaye Wamaasai waliohamishwa kupisha mtambo wa mvuke wa Olkaria IV walibisha mlango huo huo, wakasikilizwa, na usuluhishi ukafanyika. Ndugu zetu wa Olkaria hawakuwahi kuonana na wakulima wa Narmada. Walirithi tu walichokipigania.

Sisi tunaowashiwa taa tuna deni hilo hilo. Mwaka 2016 kampuni ile ile ya Salini ilipewa kazi ya bwawa jingine, Koysha, kwenye Omo ule ule, chini ya Gibe III. Kwa hiyo tunadai kwamba mkataba wa umeme wa 2022 uchapishwe kwa Kiswahili na kupelekwa Loiyangalani na Todonyang, si kufungiwa makabatini Nairobi. Tunadai pia kwamba Kenya isiongeze hata megawati moja kabla ya kutiwa saini mapatano ya nchi mbili juu ya kuyaachilia maji ya mto kwa majira yake, na kabla Waturkana, Waelmolo na Wadasanachi hawajakaa kwenye meza ya mazungumzo. Na mgombea yeyote atakayepanda jukwaani hapa Embulbul kutuahidi umeme wa bei nafuu, aulizwe papo hapo, mbele ya watu, unatoka wapi na nani aliulizwa.